Hoteli ya ufuoni Malindi au gesti ya Amu mjini? Tumelala zote mbili Agosti hii

Wiki hii peke yake watu watatu wamenipigia kuniuliza likizo ya Agosti mwakani wapeleke watoto Malindi ama Lamu, yaani Amu kama wenyewe wanavyoiita, na wote niliwajibu nusu nusu manake nilikuwa kazini. Sasa watoto wamelala, wacha nieleze yote. Sisi mwaka huu tumelala pande zote mbili ndani ya safari moja na haikuwa mpango wetu, mpango ulikuwa siku 5 Malindi kwenye hoteli ya ufuoni basi turudi zetu Mombasa. Tulihama pale baada ya usiku wa tatu. Niliudhika mpaka machozi yakawa yananilengalenga, na naandika ili mwengine asitupe pesa nilizotupa mimi.

Tulikuwa sita. Mimi, mume wangu, watoto watatu, mkubwa ana miaka 12 na mdogo 4, na mavyaa wangu, tunamwita Mama, ambaye ana miaka 71 na goti lake la kulia halikunjiki vizuri. Goti hilo ndilo lililoamua mengi.

Hoteli niliichagua kwa picha. Bwawa la kuogelea la buluu, kitanda cheupe kimetandazwa maua, dirisha limefunguka bahari yote ile. Shilingi 9,800 kwa chumba kwa usiku, chakula cha asubuhi na cha jioni ndani yake, vyumba viwili siku 5, jumla 98,000, na wakaniambia Agosti watu ni wengi kwa hivyo lazima nilipe zote kwanza. Nikatuma kwa M-Pesa. Hapo ndo nilipokosea, manake ukishalipa zote huna tena cha kushikia.

Tulipofika, dirisha la chumba chetu lilikuwa linaangalia ukuta na jenereta. Nikashuka risepsheni nikamwonyesha yule binti picha kwenye simu yangu, akaniambia hiyo picha ilipigwa juu ya paa. Bwawa limezungushiwa kamba, maji yana rangi ya mchicha, ati wanangojea dawa kutoka Mombasa, na wanangu siku zote tatu wakiamka wanaenda pale ukingoni wanasimama wanaangalia kisha wanarudi chumbani. AC inadondosha maji juu ya kitanda, tukakisogeza kitanda, ikawa sasa mlango wa choo haufunguki wote. Usiku mziki wa uani mpaka saa nane na ukizimwa mziki unasikia jenereta. Yote hayo mtu unaweza kuyameza ukasema ni likizo, tupo pamoja, yatapita.

Kisichonitoka rohoni ni usiku wa pili. Saa tatu hivi Mama aliingia msalani kutawadha aswali isha, bomba likakohoa mara mbili likanyamaza. Nikainua simu ya chumbani, imekufa. Nikashuka. Kijana wa zamu akaniambia, "Madam, nisharipoti." Umeripoti kwa nani? Kwa meneja. Meneja yuko wapi? Yuko Nairobi. Na hapa nani anaweza kuwasha pampu? Fundi, lakini fundi haji mpaka meneja amwambie, na meneja simu yake haipatikani. Baada ya dakika 50 ukaja mtungi wa manjano wa lita 20, umejaa nusu, kaubeba kijana mwembamba anahema kwa zile ngazi, shati limelowa upande mmoja lote, akasimama mlangoni akasema, "Samahani Mama, ndo haya tu." Mama akampokea akamwombea dua. Akatawadha kwa kikombe cha chai, kile cheupe cha hoteli, maji anayamimina kidogo kidogo, mkono mmoja kaushika ukuta kwa sababu ya goti, na mimi nimesimama pembeni na taulo. Safari yenyewe tulimpangia yeye. Yule kijana simlaumu hata kidogo, aliniambia ana wiki mbili tu kazini na ameletwa kwa ajili ya msimu, na ndiye mtu pekee pale aliyetuonea haya.

Nilikaa kwenye ngazi ya ile hoteli nikampigia shoga yangu mwenye kwao Amu, akanipa namba ya gesti. Saa nne na robo usiku nikapiga, akapokea mzee mwenyewe. Nikamwamkia, nikamweleza tuko sita na tuna mama hawezi ngazi. Kabla sijauliza bei akaanza yeye kunitajia kasoro za nyumba yake. "Mwanangu, nyumba yangu haina bahari, ukitaka bahari mutembee. Maji ya bomba yana chumvi, ya kunywa mutanunua. Ngazi za kupanda juu ni refu, huyo mama simpandishi, nitampa chumba cha tini." Kisha ndo akasema bei, 4,000 kwa chumba na chai ya asubuhi, advansi akataka 2,000 peke yake, nyengine mukifika na mukiiona nyumba. Mimi niliipenda ile gesti kabla sijaiona. Basi la kesho yake lilikuwa limejaa, tukapata viti vya keshokutwa.

Na huko Amu pia mambo yaliharibika, nisiwafiche. Usiku wa pili umeme ulikatika mtaa mzima na pampu ikasimama, yaani ni shida ile ile ya Malindi. Nikampigia mzee, akasema "Nakuya sasa hivi," na kweli hata sijamaliza kutafuta kandambili nikasikia mlango. Nyumba yake ni ya tatu kutoka pale. Amekuja na taa mbili za chaji, nyuma yake mjukuu kabeba ndoo mbili za maji, moja akaiweka msalani kwa Mama na kata juu yake, ya pili akaipandisha kwetu. Tena akakaa barazani mpaka umeme ukarudi, anazungumza na mume wangu mambo ya kuvua. Na joto hatukulisikia, manake zile nyumba za zamani za Amu kuta zake ni mawe ya matumbawe, nene, mlango mmoja unaweza kukaa ndani ya unene wa ukuta, na dari ni za boriti ziko juu sana, jua lote la mchana linaishia nje. Chumba cha Mama kilikuwa kando ya kiwanda, ule uwanda wa katikati ya nyumba ulio wazi juu, ukutani kuna zidaka, yale mashubaka ya kuwekea vitu, amepanga dawa zake na msahafu wake na tasbihi. Hoteli yetu ya Malindi ni ya kuta nyembamba na madirisha ya vioo, AC ikizima dakika 10 tu unatokwa jasho.

Kwa hivyo mtu akiniuliza tofauti kubwa ni nini, mimi sisemi bahari wala bei, nasema usiku kukiharibika kitu yupo nani. Kule Malindi wafanyakazi ni wengi na wana adabu zao lakini hakuna hata mmoja mwenye ruhusa ya kukata shauri, na mwenye ruhusa yuko mji mwengine. Kule Amu alikuwepo mtu mmoja na nyumba ni yake. Sasa hivi mimi popote ninapotaka kulala napiga simu saa tatu usiku kabla sijalipa chochote, nauliza mambo mawili tu, maji yakikatika saa hizi nani atakuja, na nyumba ina kasoro gani. Akisema haina kasoro hata moja naachana naye.

Lakini msije mkasema nawakataza Malindi. Malindi mji wenyewe ni mzuri na kwa familia una urahisi ambao Amu hauna. Kutoka Mombasa ni kilomita 120 hivi, lami tupu, unapanda matatu asubuhi na saa sita uko unakula. Tuktuk inakuja mpaka mlangoni, mwenye goti baya hatembei hata hatua 20. Hospitali ziko karibu, duka la dawa kila kona, na kwa sababu Wataliano wamekaa pale miaka na miaka, tangu zile enzi za kituo chao cha roketi cha San Marco kule Ngomeni miaka ya 60, watoto wanapata aiskrimu na piza ambazo mdogo wangu bado anaziulizia. Hoteli ilipotuchosha tulitoka kwenda Gede, ni kama kilomita 15 tu, na kule ndiko tulikofurahi. Ule mji wa magofu msituni, misikiti, visima, na kima wanapita juu ya kuta. UNESCO waliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia 2024, Amu wao walitiwa 2001. Nilimweleza mkubwa wangu hivyo akataka kujua mbona wakachelewa hivyo, na mimi sikuwa na jibu.

Bahari sasa, manake ndo watu wengi wanaifuata. Agosti bado ni kusi. Upepo ni mkali, mawimbi makubwa, na Malindi mwani unarundikana ufuoni asubuhi mpaka watoto wanaruka ruka kuuvuka. Yale maji mekundu ya udongo ambayo watu huyalalamikia Malindi ni ya mto Sabaki unaomwaga pale kaskazini ya mji, lakini hayo zaidi ni ya wakati wa kaskazi, upepo unayaleta upande wa mji, na kusi ikivuma yanasukumwa kwenda zake Mambrui na Ngomeni. Kwa hivyo Agosti rangi ya maji si tatizo sana, tatizo ni mawimbi. Ile hifadhi ya bahari ya Malindi, ambayo ipo tangu 1968, tulienda na boti ya kioo maji yamekupwa, samaki tuliwaona lakini maji yalikuwa yamevurugika kidogo, na nahodha mwenyewe alituambia tumekuja na upepo.

Amu mjini hakuna ufuo wa kuogelea, lazima uende Shela, kama kilomita 3, ama kwa miguu kando ya bahari ama kwa boti. Shela mchanga wake ni mweupe na mrefu mpaka macho yanachoka, na yale machuguu ya mchanga nyuma yake ndiyo yanayohifadhi maji tamu ya kisiwa, mzee alituambia tusiwaache watoto watupe taka kule. Lakini upande ule unaoangalia bahari kuu hakuna mwamba wa kuvunja mawimbi, Agosti yanakuja mazima mazima, mume wangu hakumwachia mdogo mkono hata mara moja. Ukiwa na watoto wadogo bakini upande wa kijiji, maji yametulia kidogo. Shela kuna hoteli za ufuoni pia na zina sifa nzuri, ila bei ni za wageni wa nje, mimi nimeuliza mbili nikashukuru nikakata simu.

Safari ya kwenda Amu ndo jambo la kulifikiria sana, na ningekuwa nadanganya nikilipita. Basi linapita Garsen, Witu, Hindi mpaka Mokowe, gati la bara la kuvukia, kutoka Malindi tulitumia masaa manne na kitu. Njiani mnasimamishwa, mnashuka, vitambulisho vinaangaliwa, kwa hivyo beba kitambulisho chako halisi na watoto uwe na karatasi zao. Barabara ile imewahi kuwa na mashambulizi na watu wanajua, kwa hivyo siku mbili tatu kabla ya kuondoka ulizia walioko kule hali ikoje, usisikilize mtu wa mbali. Mwenye uwezo ataruka na ndege mpaka kisiwa cha Manda kisha avuke kwa boti. Mokowe unavuka pia, na pale ndipo roho yangu ilipokuwa juu, maji yalikuwa yamekupwa, zile ngazi za gati za chini zina ukoga wa kijani, na Mama na goti lake. Baharia mmoja akashuka akaingia maji ya magoti akamwambia, "Mama, mkono wako hapa, mguu wako hapa, usiangalie maji niangalie mimi." Wakamshusha wawili kama yai. Lakini ukiweza pangilia ufike maji yamejaa, boti inakuwa juu na mtu mzima hapati tabu. Muulize mwenye gesti saa za maji kabla hujakata tiketi, watu wa Amu wanazijua kichwani.

Ukishafika hakuna gari. Vichochoro vyembamba, mizigo ni kwa mkokoteni ama punda, na huyo punda usiku ana sauti, siku ya kwanza mdogo wangu aliamka analia. Mifereji ya vichochoroni inanuka nyakati nyengine. Mtu asiyeweza kutembea kabisa Amu itamchosha, Mama aliweza kwa sababu chumba kilikuwa chini na mapumziko yapo kila hatua, mabaraza yote yale, anakaa kila nyumba ya tatu na kila anapokaa anapata mtu wa kuzungumza naye. Siku ya tatu tukampeleka Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh. Ameusikia tangu akiwa msichana, marehemu mumewe alikuwa akienda Maulidi pale, yeye hakuwahi. Alikaa pale tangu baada ya asri mpaka isha na hakulalamikia goti. Na kwa habari ya Maulidi, miaka hii mfungo sita, mwezi wa Maulidi, unaangukia Agosti na Septemba, kwa hivyo gesti za Amu zinajaa mapema, piga simu hata miezi mitatu kabla.

Chakula sitaki kukifanya kirefu lakini siwezi kukiacha. Hotelini Malindi ukishuka saa mbili na nusu mayai yamekwisha, umebaki mkate na soseji, na nilipomuuliza weita kama soseji ni za halali akasema hajui, akaenda jikoni, hakurudi. Tulikula mkate na chai siku tatu. Gesti asubuhi ni mahamri ya moto na mbaazi za nazi, na mchana na jioni kuna mama mmoja jirani anapika, unamwambia asubuhi unataka nini. Mume wangu ananunua samaki mwenyewe sokoni kando ya ngome, changu ama tewa, yule mama anampaka nazi na ndimu anamchoma kwa makaa, wali wa nazi, na mkate wa mofa. Mwanangu wa katikati ambaye nyumbani samaki hagusi alikula mpaka akalamba sinia.

Pesa ziko hivi. Malindi ilikuwa 19,600 kwa siku na milo miwili ambayo mmoja ulikuwa mkate na chai tu. Amu vyumba viwili 8,000 na chakula cha mchana na jioni cha watu sita kama 3,500, jumla 11,500 kwa siku, nje ya boti za Shela na tiketi za basi. Siku ya kuondoka Malindi nikaomba nirudishiwe za siku mbili ambazo hatukulala, 39,200. Yule binti akanitolea karatasi ananidai mimi 10,584 za zile siku tatu tulizolala, ati bei niliyopewa haikuwa na VAT 16% na ushuru wa utalii 2%. Nikamwonyesha ujumbe wao wa simu wenye neno "jumla." Meneja akapatikana kwa simu siku hiyo, akataka kunipa vocha nije nilale tena mwakani, nikakataa. Mwisho wakafuta deni lao na mimi nikaondoka bila zangu. Kwa hivyo ukiandikiana na hoteli yoyote mwambie aandike hivi, "bei hii ina VAT na ushuru wote ndani," na akuandikie ukiondoka mapema unarudishiwa kiasi gani, na usilipe zaidi ya theluthi kabla hujakiona chumba kwa macho. Badala ya picha mwambie akupigie video chumba chenyewe utakacholala, aanze mlangoni mpaka dirishani, afungue na bomba maji yatoke.

Sasa nani aende wapi. Wenye mzee anayetembea kidogo, watoto wa miaka 7 kwenda juu, watu wanaopenda mji na mazungumzo na chakula, waende Amu, walale mjini, chumba cha chini. Wanaotaka bwawa na kulala tu, Amu mjini watachoka siku ya pili. Mwenye mgonjwa wa kuhitaji daktari wakati wowote, Malindi bila kufikiri. Na Malindi yenyewe mimi safari nyengine sitalala hoteli ya ufuoni Agosti, nitatafuta nyumba ya kupanga ama apatmenti ambayo mwenyewe anaishi palepale uani, zipo nyingi upande wa Casuarina, ufuo naufuata na tuktuk na hifadhi ya bahari iko upande huo huo.

Ndugu yangu mdogo ana pacha wa miezi minane, jana nimemwambia yeye aende Malindi, asivuke maji na watoto wachanga wawili wakati wa kusi. Nimemtafutia nyumba, nimempigia mwenyewe saa tatu usiku, mama mmoja mtu mzima, akapokea mlio wa pili akasema bafu moja mlango wake haufungi vizuri na fundi anakuja Jumatatu. Jumatatu jioni nitampigia tena nijue kama fundi alikuja.